Maswali ya Wasomaji: Yule Mtu Aliyekata Sauti kwa Wembe

Toleo lililopita niliandika aya tatu tu kuhusu Henry Jacobs, msanii wa sauti na mchekeshaji wa Marekani, nikajua imeishia hapo, kumbe meseji zimemiminika mpaka nimewaomba wahariri wanipe ukurasa wote. Kwa ambao hawakusoma: Jacobs alizaliwa Chicago 1924, kazi zake nyingi kazifanyia upande wa San Francisco, na kafariki 2015 akiwa na miaka 90. Alikuwa anarekodi sauti kwenye tepu, anaikata, anaiunga, anaizungusha, alafu kwa mashine hizo hizo anatengeneza mahojiano ya kuchekesha ambayo mi nikiyasikia hadi leo nacheka peke yangu chumbani. Nilisema pia kwamba nimekaa studio za redio miaka ile ya tepu, ndo maana huyu mtu yuko karibu na roho yangu. Meseji ndefu nimezifupisha, na zilizofanana nimechagua iliyouliza vizuri zaidi.

Shikamoo mzee. Mi nimezaliwa 1999, tepu naijua kwenye picha tu. Umesema huyo jamaa alikuwa anakata sauti kwa wembe. Sauti inakatwaje na wembe? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba mwanangu. Swali zuri sana, na nafurahi umeuliza maana wengi wanapita tu kana kwamba wameelewa.

Tepu ya studio ni utepe wa plastiki wenye upana wa milimita 6 hivi, upande mmoja umepakwa unga wa chuma wa rangi ya kutu, na huo unga ndo unashika sauti kwa sumaku. Sasa sikiliza hapa: kwenye mashine ya studio tepu ilikuwa inakimbia sentimita 38 kila sekunde. Yani sekunde moja ya maneno ya mtu ni kipande cha utepe kirefu kuliko rula yako ya shule! Mgeni akisema "habari", hiyo "habari" yake una uwezo wa kuishika mkononi, kuipima, kuitundika ukutani na msumari. Watu wa kizazi chenu mnaona sauti kama mawimbi kwenye skrini, sisi tulikuwa tunaivaa shingoni kama futi ya fundi cherehani.

Kukata ilikuwa hivi. Unazungusha magurudumu mawili kwa mkono, taratibu, mbele nyuma, sauti inanguruma kama mtu anaongea usingizini, mpaka unasikia pale neno linapoanzia. Unaweka alama ya penseli ya nta. Unalaza tepu kwenye kibao cha chuma chenye mfereji, unapitisha wembe kwa mshazari, sio wima, kwa sababu ukikata wima maungio yanapiga "tak" kwenye spika. Alafu unaunganisha ncha mbili kwa selotepu yake maalum kwa nyuma, unasugua kwa ukucha, basi. Kikohozi kiko sakafuni, "aaaa" ziko sakafuni, mgeni anasikika kama mtu aliyejiandaa.

Nilipokuwa naanza kazi nilimkata mgeni mmoja pumzi zake zote, nikaona nimesafisha kweli kweli, ikatoka sauti ya kutisha, mtu anaongea bila kuvuta hewa. Mkubwa wangu wa studio akanirudisha chini nikaziokote zile pumzi sakafuni, vipande vya sentimita kumi kumi, nikazirudisha moja moja mahali pake. Ilinichukua usiku mzima. Siku ile ndo nilielewa kwamba mtu haongei kwa maneno tu, na miaka mingi baadaye nilipomsikia Jacobs kwa mara ya kwanza nikajua huyu naye alishawahi kupiga magoti sakafuni.

Niaje. Mimi swali langu ni moja tu, huyu Jacobs alikuwa mwanamuziki ama comedian? Naona unachanganya mambo mbili. (Msomaji, Nairobi)

Sichanganyi ndugu yangu, kwake vilikuwa kitu kimoja na ndo sababu nimemwandika.

Tuanze na redio. Mwanzoni mwa miaka ya 50 alikuwa na kipindi cha muziki wa mataifa mbalimbali, kikaja kurushwa na KPFA ya Berkeley, kituo kilichoanzishwa 1949 na Lewis Hill na kinachoishi kwa michango ya wasikilizaji wenyewe, bila matangazo ya sabuni. Kipindi kiliitwa Music and Folklore. Ulikuwa unakaa unasikiliza ngoma za nchi za mbali, maelezo ya kisomi, kila kitu kimetulia, alafu analetwa mtaalamu studioni, Dk. Sholem Stein, anazungumzia chimbuko la kalipso ya Trinidad kwa utaalamu wa muziki wa Kiyahudi, kwa sauti ya msomi kabisa, anasita panapotakiwa kusita, anakohoa kisomi. Mtaalamu huyo hayupo duniani. Ni rafiki yake Jacobs, Woody Leafer, wamekaa wawili na maikrofoni, hakuna kilichoandikwa, wanabuni pale pale. Mwaka 1955 kampuni ya Folkways ya New York ikatoa santuri ya kipindi hicho, na ukiisikiliza unaona muziki, maelezo na mzaha vimeshonwa pamoja bila mtu kukugonga bega kukwambia hapa cheka.

Alafu akaja Shorty Petterstein. Huyu ni mpiga jazi wa kubuni, anahojiwa na mtangazaji mwenye Kiingereza kilichopigwa pasi, mwenye adabu zote, anauliza maswali marefu yaliyonyooka, na Shorty anajibu kwa lugha ya vijiwe vya wanamuziki, nusu sentensi, mguno, kimya, mguno tena. Mtangazaji haelewi na hataki kuonekana haelewi, Shorty hana haja ya kueleweka. Ni hivyo tu! Santuri yake ikatoka na kampuni ya jazi ya California, World Pacific, alafu mwaka 1958 mchekeshaji Lenny Bruce akaweka mahojiano mawili ya Jacobs ndani ya santuri yake mwenyewe, na 1960 mchora katuni Ernest Pintoff akachukua sauti ya Shorty akaichorea filamu fupi.

Sasa nikujibu. Kinachochekesha pale sio maneno, mahojiano yale ukiyaandika kwenye karatasi hayachekeshi sana. Kinachochekesha ni urefu wa kile kimya, ni ile "eee" inayokuja kabla mtu hajajua atasema nini, ni kiti kinavyolia mtangazaji akijisogeza. Ni vile vitu tulivyokuwa tunavitupa sakafuni studio. Mtu anayejua kupima kimya cha sekunde moja na nusu na cha sekunde mbili ni mwanamuziki, hata kama alichoshika sio gitaa, na Jacobs alikuwa anakipima hivyo kwenye vichekesho na kwenye zile kazi zake ngumu za sauti, sikio ni lile lile. Wewe uko Nairobi, umekua na redio na TV za wachekeshaji, fikiria yule unayempenda kuliko wote alafu jiulize anakuchekesha akiwa anasema au akiwa amenyamaza anakutazama.

Mzee, umetaja vichekesho na tepu. Zile sauti za watu kucheka kwenye komedi za zamani za TV, ni watu kweli? (Msomaji, Dodoma)

Ni watu kweli ila mara nyingi hawakucheka hicho unachokitazama.

Tepu yenyewe ilifika Marekani mikononi mwa askari wa mawasiliano, Jack Mullin, aliyezikuta mashine Ujerumani vita ilipoisha akasafirisha mbili kwa vipande vipande, na mwaka 1946 akazionyesha San Francisco mbele ya wahandisi. Watu walidhani ni bendi inapiga nyuma ya pazia. Mwimbaji Bing Crosby, aliyechoka kurusha kipindi chake cha redio moja kwa moja kila wiki, akaingiza dola 50,000 kwenye kampuni changa ya Ampex, iliyokuwa jirani tu na San Francisco, na 1948 mashine zikaanza kutoka. Ndo maana Jacobs na wenzake wa eneo lile walikuwa mapema hivyo kwenye mambo ya tepu, hazikuwa mbali na mlango wao.

Mullin alisimulia kwamba kuna siku kwenye kipindi cha Crosby alikuja mchekeshaji akatoa vichekesho vya shambani visivyofaa kurushwa hewani, ukumbi ukavunjika mbavu. Vichekesho wakavitoa, vicheko wakaviweka akiba. Wiki chache baadaye kikaja kipindi kisichochekesha vizuri, wakachukua vile vicheko wakavibandika. Wengi wanaona huo mchezo ni chanzo kimoja cha vicheko vya kubandika unavyovijua.

Kwenye mahojiano ya Shorty hamna hata kicheko kimoja cha kubandika, uko peke yako na wale wawili, uamue mwenyewe. Mi naona hiyo ni heshima kubwa kwa msikilizaji.

Assalaam alaikum. Mimi ni mpenzi wa taarabu asilia, nimesikiliza hiyo Sonata ya spika uliyoitaja, wallahi ile si muziki, ni makelele. Kwa nini tuyape makelele ukurasa kwenye gazeti? (Msomaji, Mombasa)

Waalaikum salaam ndugu yangu, ahsante kwa kuisikiliza kwanza ndo ukakataa, wengine wanakataa bila kusikiliza.

Sitakushinikiza uipende. Ila naomba nikueleze ilivyotengenezwa, maana naona hapo ndo utamu ulipo. Ile Sonata for Loudspeakers imejengwa kwa vitanzi vya tepu, loop kama wanavyosema vijana. Unakata kipande, unaunga mwanzo na mwisho wake, kinakuwa duara, unakipitisha kwenye mashine na upande wa pili unakizungushia penseli au mguu wa stendi ya maikrofoni ili kisilegee. Kitanzi cha sekunde nne ni mita moja na nusu. Kinazunguka, kinasema kitu kile kile, kinasema, kinasema, mpaka maana ya neno inayeyuka na kubaki mdundo.

Jaribu hapo ulipo, kwa sauti: kata, kata, kata, kata, kata, usipumzike. Baada ya muda kidogo hausemi kata tena, unasema taka, taka, takataka. Hakuna aliyebadilisha chochote, ni sikio lako limehama lenyewe. Watoto wanaujua huu mchezo na wanacheka mpaka wanagaagaa, sisi wakubwa tumeuacha. Jacobs hakuuacha, aliukuza ukawa sonata.

Na hakuwa peke yake. Mfaransa Pierre Schaeffer alishachukua sauti za treni za stesheni moja ya Paris akazipanga na zikarushwa redioni Oktoba 1948, na yeye alitumia santuri maana tepu hakuwa nayo. Folkways walipokuja kuitoa Sonata ya Jacobs waliiweka kwenye santuri moja na kazi za John Cage na Edgard Varèse, yani walimkalisha na wakubwa wa fani. Alafu karibu na nyumbani, sikiliza singeli ya Dar: vijana wanachukua kipande cha taarabu au mchiriku, wanakifanya kitanzi, wanakiongezea kasi mpaka vipigo 200 na zaidi kwa dakika. Hawakujifunza kwa Jacobs wala hawakumhitaji, wamefika kule kwa miguu yao. Lakini kanuni ni ile ile, chukua kitu kilichorekodiwa, zungusha, geuza kasi, sikia kinazaa nini. Na wewe ndugu yangu kama ni mtu wa taarabu basi unajua vizuri kwamba mpiga fidla akichelewesha nota kidogo tu ukumbi mzima unaguna "aah!". Hicho unachokisikia pale kwenye kuchelewa ndicho nakuomba ukitafute kwenye haya makelele.

Mimi naandika kutoka Muscat, bibi yangu alikuja huku kutoka Unguja. Kila ukisoma habari za sauti za majaribio ni Ufaransa, Ujerumani, Marekani. Kweli sisi hatukuwemo kabisa? (Msomaji, Oman)

Dada yangu, mlikuwemo, tena kabla ya wote niliowataja, na hili swali limenigusa sana hasa lilivyotoka Muscat.

Mwaka 1944, miaka minne kabla ya zile treni za Paris, kijana mmoja wa Misri anaitwa Halim El-Dabh aliazima mashine ya kurekodia kwenye kituo cha redio Cairo, akaenda nayo kwenye shughuli ya zar ya wanawake. Wewe uko Oman, huhitaji kuelezwa zar ni nini. Kwa wasomaji wengine: ni ngoma ya kutuliza pepo aliyempanda mtu, ipo Ethiopia, Sudan, Misri, mpaka Ghuba, na watu wa pwani yetu wakiisikia wanaitambua haraka maana na wao wana ngoma zao za pepo.

El-Dabh akarudi studio na zile sauti. Na hapa nataka vijana waelewe ugumu wake: mashine yake haikuwa ya tepu, ilikuwa ya waya! Waya mwembamba kama unywele, sauti imeshikwa ndani ya chuma chenyewe. Waya haukatwi na kuunganishwa kwa selotepu, ukikatika unafunga fundo kama uzi wa kushonea na fundo lenyewe linasikika. Kwaiyo hakufanya kazi kwa wembe. Alizirudia sauti kwenye vyumba vya mwangwi, akawa anasogeza kuta za studio kubadilisha huo mwangwi, akapunguza sauti za chini, akarekodi upya, mpaka maneno ya waimbaji yakapotea ikabaki ile hali, ile hewa inayotetemeka juu ya vichwa vya watu ngoma inapokolea. Akaipigisha kwenye ukumbi wa sanaa pale Cairo mwaka ule ule. Imebaki kama dakika mbili tu, inaitwa Wire Recorder Piece, na nikiisikiliza usiku nywele zinanisimama.

Baadaye alihamia Marekani, akafanya kazi kwenye kituo maarufu cha muziki wa elektroniki New York, akafundisha chuo kikuu Ohio miaka mingi, amefariki 2017. Jina lake lilikuja kutajwa sana uzeeni, na inaniuma, kwa sababu angetajwa mapema kuna vijana wengi wa Cairo, wa Muscat na wa Unguja wangekuwa na mtu wa kumwangalia.

Habari za kazi. Ulisema Jacobs alifanya maonyesho kwenye "jumba la nyota". Ni jumba gani hilo na muziki uliingiaje humo? (Msomaji, Arusha)

Nzuri, karibu. Hii ndo sehemu ambayo ningekuwa na uwezo wa kurudi nyuma ningelipa chochote nikakae kiti kimoja mle ndani.

Jumba la nyota, au planetari, ni ukumbi wenye dari la mviringo kama bakuli lililofunikwa, katikati kuna mashine inayomulika nyota juu ili watu wajifunze anga. San Francisco walifungua la kwao 1952, Morrison Planetarium, ndani ya bustani ya Golden Gate, dari lake karibu mita 20 kutoka upande hadi upande. Mwaka 1957 Jacobs na rafiki yake Jordan Belson, mtengeneza filamu za maumbo na rangi, waliruhusiwa kulitumia usiku. Wakaziita zile shoo Vortex, yani kimbunga cha maji kinachozunguka.

Fikiria mwaka wenyewe. Watu majumbani wana spika moja. Santuri za stereo, za spika mbili tu, zilikuja kuenea madukani 1958. Na huyu mtu yuko kwenye ukumbi wenye spika zaidi ya 30 zilizozunguka lile dari, na ametengenezewa kifaa cha kuihamisha sauti kutoka spika moja hadi nyingine, kwaiyo sauti inaanzia nyuma ya shingo yako, inapita kulia, inakuzunguka, inaongeza mwendo, inageuza inarudi ilikotoka. Juu yako Belson amezima kila kitu, giza la kweli, kisha inakuja nukta moja ya mwanga, inafunguka kama ua, halina fremu, halina ukingo wa skrini, hujui liko mita tano au maili elfu. Tepu za Jacobs mwenyewe, kazi za Ulaya kama za Stockhausen, ngoma, vyote vilipigwa mle. Na watu waliokuja hawakuwa maprofesa, walikuwa watu wa mjini tu waliokata tiketi.

1958 walialikwa Brussels kwenye maonyesho makubwa ya dunia. Kwenye maonyesho hayo hayo kampuni ya Philips ilikuwa na banda lake lililochorwa na wasanifu majengo Le Corbusier na Xenakis, ndani muziki wa Varèse unatoka kwenye mamia ya spika. Ila wale walikuwa na hela za kampuni kubwa nyuma yao, kina Jacobs walikuwa na tepu zao, marafiki, na ukumbi wa kuazima. Shoo ziliendelea mpaka mwanzoni mwa 1959 zikaisha, na mwaka huo Folkways wakatoa santuri ya Highlights of Vortex, ina kipande cha Jacobs kinaitwa Electronic Kabuki Mambo. Jina tu lilivyo, unaona yule mchekeshaji yupo hapo anachungulia.

Sinema zimeanza kuzungushia watu sauti mpaka juu ya vichwa kwa mfumo wa spika wa Dolby Atmos mwaka 2012. Hesabu mwenyewe miaka mingapi hiyo.

Naona klipu za Alan Watts kila siku kwenye simu, mzee anaongelea maisha na muziki laini nyuma. Kuna mtu kaniambia Jacobs anahusika. Ni kweli? (Msomaji, Kampala)

Ni kweli kabisa. Watts alikuwa Mwingereza aliyehamia Marekani, anaeleza falsafa za Mashariki kwa lugha ya mtu wa kawaida, na yeye pia alikuwa na kipindi KPFA kuanzia 1953. Jacobs alikuwa rafiki yake na ndiye aliyemrekodi na kuzitunza tepu zake nyingi. 1962 walifanya pamoja na wenzao santuri inaitwa This Is It, watu wanapiga ngoma, wanaimba maneno yasiyo na lugha yoyote, wanapiga kelele za furaha, sijasikia watu wazima wakiwa huru namna ile kwenye kurekodi. Watts alifariki 1973. Hizo klipu zako ni nzuri, lakini ule muziki laini umebandikwa juzi tu na watu wengine. Tafuta hotuba nzima bila muziki, utamsikia Watts anacheka mwenyewe katikati, anakohoa, anatafuta neno. Aliyerekodi hakuvikata.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina klabu ya wanafunzi 15 na simu mbili tatu za kawaida. Umesema mambo ya tepu, sisi tepu hatuna. Naweza kuwafanyisha nini? (Mwalimu, Mbeya)

Mwalimu, una kila kitu. Simu moja yenye kinasa sauti na programu ya bure ya kuhariri sauti inatosha, kwenye kompyuta ya shule kama ipo weka Audacity, ni ya bure na inafanya kazi hata kwenye mashine ya zamani.

Wiki ya kwanza usiwaruhusu kuhariri kabisa. Wapange wawili wawili, mmoja awe mtangazaji, mwingine mtaalamu wa kitu kisichokuwepo, mathalan daktari wa madaftari yaliyokunjika, au mtafiti wa mwangwi wa ndoo. Sharti langu ni moja tu: hakuna kucheka na hakuna kuandika kabla, dakika tano, waongee kama watu wanaoamini kabisa wanachokisema. Dakika mbili za kwanza zitakuwa mbaya, waache. Ya tatu ndo vitu vinaanza kutoka, kwa sababu pale mtaalamu ameishiwa maneno na anaanza kusita, na ule msito ndo dhahabu yenyewe.

Wiki ya pili wachukue yale mahojiano wayafanye kinyume cha ninavyofanya kazi ya redio: wakate maneno yote, wabakize zile "eee", pumzi, kiti, kuku aliyelia nje, mtu kumeza mate. Wazipange ziwe wimbo wa dakika moja. Kitanzi kimoja wakiache kizunguke chini kama ngoma. Najua watacheka, na katikati ya kucheka utaona mmoja amenyamaza ameinama kwenye spika anasikiliza. Huyo mpe simu akae nayo wiki nzima akusanye sauti za kijijini kwao, mashine ya kusaga, mvua kwenye bati, bibi anavyoita kuku.

Na kama una spika hata nne za redio ndogo, ziweke pembe nne za darasa, zima taa, funga madirisha, wakae katikati. Watajua Vortex ilikuwa ni nini vizuri kuliko maelezo yangu yote ya hapo juu. Mkifanya niandikie tafadhali, na ukiweza nitumie hizo sauti, nataka kuzisikia.

Mzee tunavipata wapi hivi vitu? Nimetafuta madukani hapa Mwanza hamna. (Msomaji, Mwanza)

Madukani hutapata. Ila yule mwanzilishi wa Folkways, Moses Asch, alikuwa na msimamo kwamba santuri aliyoitoa haiondolewi kwenye orodha hata kama kwa mwaka mzima ananunua mtu mmoja, na taasisi ya Smithsonian ilipoichukua kampuni 1987 ilikubali kuendelea hivyo hivyo. Matokeo yake zaidi ya santuri elfu mbili zipo hadi leo, za Jacobs zikiwemo, unazipata kwenye intaneti ukiandika jina lake na neno Folkways. Kuna pia mkusanyo wa kazi zake uliotoka 2005, una hata katuni alizofanya na wenzake kwa ajili ya televisheni ya San Francisco miaka ya 70. Anza na ile ya 1955, ya kipindi cha Music and Folklore, vaa hedifoni, kaa mahali hakuna mtu atakayekusemesha, na ukifika kwa Dk. Stein usiruke mbele.